Sura ya Nne: Oili, Vumbi na Mkono wa Mafuta

Injini ya pikipiki ya cc 125 ina silinda moja, pistoni moja na oili ya takriban lita moja. Inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kama inavyozunguka ikipanda mlima na abiria, krenki hukamilisha mizunguko 100 kila sekunde. Injini ya mipigo minne huwasha moto mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo ndani ya sekunde hiyo moja mafuta huwaka mara 50, na pistoni husimama na kugeuka mara 200. Joto la moto huo hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Pistoni yenyewe ni ya aluminiamu iliyochanganywa na metali nyingine, na aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660.

Haiyeyuki kwa sababu joto halikai. Linapita kwenye ringi, linaingia ukuta wa silinda, linatoka kwenye mapezi ya bloku na kuchukuliwa na upepo wa mwendo. Sehemu nyingine hubebwa na oili. Kati ya ringi na ukuta wa silinda kuna utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na ndio pekee unaotenganisha chuma na chuma. Utando huo ukikatika kwa muda mfupi tu, silinda huchanika mistari ambayo haifutiki. Kutunza injini, kwa hiyo, ni kuulinda utando huo. Sehemu ya kazi hiyo hufanyika gereji. Sehemu kubwa zaidi hufanywa na mkono wa kulia wa dereva, kutwa nzima, bila spana.

Pikipiki nyingi zilizoingia Afrika Mashariki kutoka China tangu miaka ya 2000 zina injini iliyoigwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970. Honda waliiunda kwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako pikipiki ni chombo cha kazi na hufika kwa fundi kwa nadra. Badala ya kuiweka kamshafti juu kwenye hedi na kuizungusha kwa cheni ndefu, wahandisi waliishusha chini karibu na krenki, mahali penye oili wakati wote, na valvu zikawa zinasukumwa na fito mbili. Ndiyo maana injini hizo huvumilia mengi. Boxer na TVS HLX ni za muundo mwingine: kamshafti iko juu, inazungushwa na cheni ya taimingi. Huzunguka vizuri zaidi kwenye kasi, lakini oili ikipungua, juu kule ndiko hukauka kwanza. Dereva aliyezoea kuisahau CG akihamia kwenye pikipiki ya kamshafti ya juu na tabia zile zile, hedi ndiyo itakayomlipia.

Oili ya pikipiki hufanya kazi ambazo kwenye gari hugawanywa. Katika gari, injini ina oili yake na gia boksi ina yake, na klachi ya kawaida hukaa pakavu. Katika pikipiki hizi, lita ile ile moja hulainisha pistoni na krenki, husagwa kati ya meno ya gia, na tena huzilowesha pleti za klachi. Hapo ndipo oili ya gari inapoleta madhara. Oili nyingi za kisasa za magari hutiwa viungo vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Viungo hivyo vikifika kwenye pleti za klachi, klachi huteleza. Dereva huvuta mafuta, injini hulia, mwendo hauongezeki, na lawama huishia kwa spea ya klachi iliyonunuliwa juzi. Dawa yake ni kusoma chupa kabla ya kulipa. Oili ifaayo klachi inayoloweshwa na oili huwa na alama ya kiwango cha Japani, JASO MA au MA2. Yenye alama MB ni ya skuta zisizo na klachi ya aina hiyo.

Namba kama 20W-50 au 10W-30 zinaeleza uzito. Ya kwanza, inayofuatwa na herufi W, ni uzito oili ikiwa baridi. Ya pili ni uzito injini ikiwa imechemka. Mtengenezaji ameandika kwenye kitabu cha pikipiki ni uzito gani aliouchagua, na hakuna sababu ya kumbishia. Kutia oili nzito zaidi ili kunyamazisha injini iliyochoka huficha kelele kwa wiki chache, na wakati huo huo oili hiyo huchelewa kupanda kwenye hedi kila asubuhi.

Muda wa kubadilisha ndilo jambo linaloua injini nyingi kuliko mengine yote. Vitabu vya watengenezaji hutaja kilomita elfu kadhaa, lakini vimeandikwa kwa mwendeshaji wa kawaida. Pikipiki ya bodaboda haina maisha ya kawaida. Hushinda juani, hunguruma kwenye foleni bila upepo wa kuipooza, hupanda makorongo na mishikaki ya watu watatu. Kwa kazi hiyo, kilomita 2,000 ni kikomo cha busara. Inayotembea kilomita 120 kwa siku hufika hapo baada ya siku 17, yaani oili yake haimalizi mwezi. Injini mpya, au iliyotoka kuboliwa na kutiwa pistoni mpya, ibadilishwe mapema zaidi, kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu ringi na silinda zinapozoeana husaga vumbi la chuma, na vumbi hilo halina pa kwenda ila kwenye oili.

Kuna tatizo ambalo hakuna kitabu cha mtengenezaji kilichoandikwa kulitatua. Pikipiki moja huwa na mikono mingi. Mwenye chombo yuko mbali na anasubiri hesabu yake ya jioni; dereva wa mkataba anaendesha asubuhi; mchana anampa deiwaka apate na yeye nauli mbili tatu. Kila mmoja anaamini mwenzake alibadilisha oili. Suluhisho ni kipande cha plasta au karatasi ya gundi chini ya siti, kimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito kilomita za siku oili ilipomwagwa. Dashibodi ikiwa mbovu, iandikwe tarehe. Kipande hicho cha plasta kimeokoa injini nyingi kuliko ushauri wowote wa kijiweni.

Kumwaga oili kufanywe injini ikiwa na joto la kuendesha dakika chache, ili uchafu uwe umechanganyika na utoke nao. Nati ya chini ikifunguliwa, oili inayotoka husimulia hali ya ndani. Nyeusi na nyepesi kama chai ya rangi ni oili iliyochelewa. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Inayometameta ikisuguliwa kati ya vidole mahali penye jua ina chembe za chuma, na chembe zikionekana kwa macho, kuna kitu kinaliwa. Kichujio cha wavu kisafishwe hapo hapo. Nati ikirudishwa isikazwe kwa hasira. Boksi la injini ni la aluminiamu, na nyuzi zake zikishakatika, oili itavuja tone kwa tone mpaka siku ya msiba.

Kipimo hukaguliwa pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi ya katikati, injini ikiwa imezimwa dakika mbili au tatu. Katika pikipiki nyingi zenye kijiti cha oili, kijiti hupanguswa, huingizwa bila kufungwa nyuzi, kisha husomwa. Nyingine zina kioo kidogo ubavuni. Pikipiki za aina hii kwa kawaida hazina taa ya kuonya kuwa oili imekwisha, na injini kuukuu hula oili bila kutoa hata tone chini. Ukaguzi wa kila asubuhi huchukua muda mfupi kuliko kupangusa vumbi kwenye siti.

Vumbi ni adui wa pili. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na zikipita kwenye kabureta huingia kati ya ringi na ukuta zikawa msasa. Ea klina ndiyo mlango pekee wa kuzizuia. Ya sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, hukaushwa kivulini, kisha hutiwa oili kidogo na kukamuliwa tena. Sponji kavu hupitisha vumbi laini. Ya karatasi haioshwi, hukung'utwa na hatimaye hubadilishwa. Kwenye barabara za vumbi za Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, kazi hii ni ya kila wiki. Wapo wanaoitoa kabisa ea klina ili pikipiki ivute vizuri. Huvuta vizuri kweli, kwa miezi michache, halafu ekzosi huanza kutoa moshi wa bluu.

Asubuhi injini huwa imelala usiku kucha na oili yote imeshuka chini. Inapowashwa, hupita sekunde kadhaa kabla pampu haijaifikisha kwenye hedi. Sekunde hizo ndizo madereva wengi huzitumia kupiga resi ili injini ichangamke. Hakuna resi yenye madhara kama hiyo: kamshafti na ringi huzungushwa kwa kasi zikiwa karibu kavu. Injini iachwe silensa, takriban mizunguko 1,400 kwa dakika, kwa nusu dakika hadi dakika moja. Mahali pa baridi kama Njombe au Makete mwezi Julai, iongezwe kidogo na choki itolewe mapema. Baada ya hapo pikipiki iondoke, lakini kilomita mbili za kwanza ziendeshwe kwa upole. Injini hupata joto lake sawasawa ikiwa kwenye mwendo kuliko ikiwa imesimama inanguruma.

Mkono wa mafuta wenyewe unastahili kukaguliwa kama breki. Ukizungushwa, kuwe na uhuru wa milimita 2 hadi 6 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukiachiwa, urudi wenyewe mara moja. Usukani ukigeuzwa mpaka mwisho kushoto na kisha kulia injini ikiwa silensa, mlio usipande. Ukipanda, waya umepita vibaya au umekuwa mfupi, na siku moja pikipiki itajivuta yenyewe kwenye kona.

Kinachotokea ndani ya kabureta mkono unapozungushwa kinaeleza kwa nini utaratibu ni bora kuliko pupa. Katika kabureta ya kawaida, waya huinua geti lenye sindano. Hewa inayopita chini ya geti kwa kasi ndiyo inayofyonza petroli kutoka kwenye jeti. Geti likiinuliwa ghafla wakati injini inazunguka taratibu, tundu hupanuka, kasi ya hewa hushuka, na petroli haifyonzwi ya kutosha. Injini hukohoa, husita, kisha hushika kwa kishindo. Kishindo hicho hupitia kwenye pleti za klachi, gia, cheni na sproketi, na kila kimoja huchukua pigo lake. Mkono unaofunguliwa kwa mfululizo, ukiifuata injini badala ya kuitangulia, hufikisha pikipiki kwenye mwendo ule ule baada ya muda ule ule. Tofauti huonekana kwenye kituo cha mafuta.

Kosa la upande wa pili halina kelele, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni upole. Dereva anapanda mlima na mzigo wa magunia kwenye gia ya nne, injini inazunguka polepole, na yeye amefungua mkono wote. Pikipiki inatetemeka, inaguna, lakini inakwenda, na gia haibadilishwi. Hapo kila mlipuko unaisukuma pistoni kwa nguvu yote dhidi ya krenki isiyotaka kugeuka. Pampu inazunguka taratibu, oili inapanda kidogo, na beringi ya konrodi inabeba mzigo mzito kwenye utando mwembamba kabisa. Mara nyingi husikika mlio wa kugongagonga kama punje zinazorushwa kwenye bati. Ni mafuta yanayowaka kabla ya wakati. Gia ishushwe mara moja. Injini ndogo imeumbwa izunguke. Kuzunguka kwa uhuru katikati ya uwezo wake hakuichoshi kama kulazimishwa kubeba huku imeinama.

Nguvu ya juu ya injini hizi hupatikana karibu na mizunguko 7,500 hadi 9,000, lakini mahali pa kufanyia kazi ni chini ya hapo. Sikio hutosha kuongoza. Mlio ukianza kuwa mkali na mwendo hauongezeki tena, gia ipandishwe. Ukianza kuwa mzito na mpini kutikisika, ishushwe. Wakati wa kubadilisha, mkono ufungwe klachi ikivutwa, na ufunguliwe klachi ikiachiwa. Kuining'iniza klachi nusu ili kupita kwenye mchanga au kusogea na foleni huchoma pleti, na unga wa pleti zilizoungua huingia kwenye oili ile ile moja inayolainisha pistoni.

Katika kushuka, desturi ya kuweka fri na kuachia pikipiki iserereke imeenea kwa imani kwamba inaokoa mafuta. Injini ikiwa silensa bado inakunywa. Pikipiki ya mfumo wa kudunga mafuta kwa kompyuta ikishuka ikiwa kwenye gia na mkono umefungwa, kwa kawaida hukata petroli kabisa. Hata kwenye ya kabureta kinachookolewa ni kidogo mno, na kinachopotea ni breki ya injini. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, breki za ngoma zikibeba kazi yote peke yake huchemka na kulegea. Gia ya pili au ya tatu na mkono uliofungwa huishikilia pikipiki bila kuchosha chochote. Mteremko ukiisha na mkono ukifunguliwa, ekzosi iangaliwe: wingu la moshi wa bluu hapo mara nyingi husema sili za valvu zimekauka na oili inafyonzwa kupitia kwake.

Plagi husoma mwako kama daktari anavyosoma ulimi. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu inaonyesha mchanganyiko mzuri. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi au hewa kidogo, na ea klina iliyoziba ni ya kwanza kushukiwa. Weusi wenye majimaji ya oili ni ringi au sili. Weupe ni mchanganyiko mkavu, na ndio wa kuogopwa zaidi, kwani huchemsha pistoni. Uwazi wa plagi kwa pikipiki nyingi hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Mahali pia hubadilisha mambo. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya sita. Kabureta iliyosetiwa pwani ikifika Mbeya hutoa petroli ile ile kwa hewa pungufu. Plagi hujaa masizi na nguvu hupungua, hali injini ni nzima. Fundi akipunguza jeti, kazi imekwisha, mradi akumbuke kuirudisha pikipiki ikishuka tena pwani.

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huleta kugongagonga kule kule hata kwenye gia sahihi, na mafuta ya taa yasiyoungua huosha utando wa oili kwenye ukuta wa silinda. Uchakachuaji ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba vya utambuzi kwenye mafuta nchini Tanzania. Vinasaba havisaidii petroli ikishahamia kwenye chupa za barabarani, na mara nyingi chini ya chupa hizo kuna maji.

Nafasi ya tepeti kwa injini nyingi ndogo za kupozwa na hewa ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Tepeti inayolia kidogo inasumbua sikio tu. Iliyokazwa hadi kunyamaza huizuia valvu kufunga, na valvu ya ekzosi isiyofunga huungua.

Maji yasimwagwe kwenye bloku iliyotoka kazini. Chuma cha moto kikipozwa ghafla hupinda au hupasuka, na waosha pikipiki wengi hawasubiri. Katika mafuriko kama ya bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam, maji yakifika kwenye ea klina injini izimwe. Maji hayagandamizwi kama hewa. Yakiingia silinda na pistoni ikapanda, konrodi hupinda. Ikishazamishwa, isipigwe kiki kabla plagi haijatolewa, maji hayajamwagwa kutoka kwenye silinda na oili haijabadilishwa.

Mlio wa mwisho kuufahamu ni wa konrodi: mdundo mzito, wa chini, unaoongezeka kila mkono unapofunguliwa. Ndiyo injini inayonoki. Madereva wengi huusikia wakiwa na abiria na hutaka kwanza kufika. Ikizimwa hapo hapo na kusukumwa mpaka kwa fundi, aghalabu krenki hutengenezwa kwa konrodi mpya na beringi yake. Ikiendeshwa kilomita nyingine chache, konrodi hukatika na kulitoboa boksi, na kinachonunuliwa baada ya hapo ni injini nzima.